Maji Yameingia, Mafuta Hayatoki: Kusaka Hitilafu ya Maji Kwenye Miamba ya Chokaa

Ukisukuma maji kwenye mwamba wa chokaa wenye mafuta na mafuta yasiongezeke, lawama ya kwanza huiangukia chumvi. "Maji yamekolea mno, yazimue," ndivyo utakavyoambiwa. Kuna siku kuzimua kunasaidia. Kuna siku hakubadilishi kitu, na kuna siku kunapunguza hata kile ulichokuwa unapata, kwa sababu mwamba wa chokaa haujali jumla ya chumvi kama unavyojali ni ioni zipi, yaani chembe za chumvi zenye chaji ya umeme, zimo na ziko kwenye joto gani.

Kazi yangu ni kupima maji hapa Kigoma, mwisho wa reli, mkoa usio na kisima cha mafuta hata kimoja. Lakini vijana wetu wanasomea petroli Dar es Salaam na Dodoma, wengine wamefika maabara za Ghuba, na wakikwama kwenye maji wanakumbuka kwamba nyumbani kuna mtu wa maji. Mpwa wangu aliniandikia hivi:

"Shikamoo mjomba. Nimeweka maji yaliyozimuliwa mara ishirini, pampu iko sawa, mabomba hayavuji, na mafuta hayajaongezeka hata tone. Niangalie wapi?"

"Marahaba. Niambie mwamba gani, mafuta gani, nyuzi ngapi, na ndani ya hayo maji umebakiza nini."

Alijibu swali la tatu tu. Hayo mengine hakuwa ameyaandika popote, na wengi wanaoniuliza wako hivyo hivyo. Basi anza kwa kuyaandika yote manne, halafu tuendelee.

Kinachotakiwa kutokea

Kalsaiti ndiyo madini yanayojenga chokaa na chaki, yaani chokaa laini ya ardhini, si ile ya ubaoni. Ukuta wake, unapokaa kwenye maji ya chini ya ardhi yenye kalsiamu nyingi, hubeba chaji chanya. Mafuta ghafi nayo yana asidi za kaboksili, ambazo ncha yake ni hasi. Vikikutana vinashikana. Wanaopika sabuni ya mawese huku kwetu wanaufahamu mshiko huu: fulia sabuni hiyo kwa maji magumu ya kisima, povu linakataa, unabaki na utando mweupe unaoganda kwenye beseni. Utando huo ni asidi ya mafuta iliyoshikwa na kalsiamu. Ndani ya mwamba mambo ni hayo hayo, ila kalsiamu imo ukutani.

Mwamba ulioshikwa hivyo hupenda mafuta na kuyakataa maji. Unachosukuma kinapita kwenye njia pana na kutokea upande wa pili, huku mafuta yakibaki kwenye vitundu vidogo ambako maji hayaingii kwa hiari. Maji yaliyorekebishwa yana kazi moja: kuufanya ukuta uyapende maji tena, ili vitundu viyanyonye vyenyewe na kuyatema mafuta.

Salfeti ndiyo inayofungua mlango. Ni hasi, kwa hiyo inakaa kwenye ukuta chanya na kupunguza chaji yake. Chaji ikipungua, kalsiamu iliyomo kwenye maji inapata nafasi ya kusogea karibu, inaikamata ile asidi na kuing'oa. Joto likikaribia nyuzi 100 na kupita hapo, magnesiamu nayo inaingia kazini: inachukua nafasi ya kalsiamu kwenye ukuta wenyewe, na kalsiamu inayong'oka huondoka na asidi iliyoishikilia. Hayo ni maelezo ya Tor Austad na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stavanger, Norwe. Wapo wanaotilia mkazo chaji za umeme za uso wa mafuta na uso wa mwamba kwa pamoja, na wapo wanaoona kwamba kuyeyuka kidogo kwa mwamba ndiko kunakofanya kazi. Mjadala haujaisha. Mimi naanza na maelezo ya Stavanger kwa sababu ya vitendo tu: sehemu kubwa yake unaweza kuipima mezani kwa vifaa vya mpimaji maji wa kawaida.

Sasa weka maji matatu kando kwa kando. Maji ya bahari ya kawaida yana chumvi kama gramu 35 kwa lita. Humo salfeti ni takriban gramu 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4, na zilizobaki karibu zote ni sodiamu na kloraidi. Maji ya Ziwa Tanganyika hayafikishi gramu moja ya chumvi kwa lita. Magnesiamu yake ni kama miligramu 40, kalsiamu karibu 10, salfeti haifiki 10, bikaboneti imetawala, na pH iko karibu na 9. Maji ya chemchemi za Uvinza, ambako watu wamepika chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, ni sodiamu kloraidi iliyokolea. Anayehesabu jumla ya chumvi atachagua ziwa na kuikimbia bahari. Kwa mwamba wa chokaa, bahari ndiyo yenye salfeti.

Dalili: mafuta hayaongezeki hata kidogo

Hapa ndipo maswali mengi yanapotoka, na chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya vinne. Nimevipanga kwa urahisi wa kuvipima, si kwa ukubwa.

*Mwamba ulikuwa unapenda maji tangu mwanzo.* Kama hakuna kilichoshikana, hakuna cha kung'oa. Lichovye jiwe lenye mafuta, yaani kile kipande cha mwamba unachokijaribu maabara, ndani ya maji ya asili ya tabaka lake, kwenye joto lile lile la jaribio, uliache bila kusukuma chochote. Likitema mafuta mengi lenyewe, basi limeshayapenda maji, na maji yako mapya yameonewa bure. Kinachofuata ni kutafuta kwa nini limekuwa hivyo, maana tabaka lililoko chini huenda haliko hivyo.

Angalia namba ya asidi ya mafuta kwanza. Hupimwa kwa miligramu za potasiamu haidroksaidi zinazotosha kuituliza asidi ya gramu moja ya mafuta. Ikiwa karibu na sifuri, chaki inabaki kupenda maji hata uiloweke mwaka mzima. Mafuta yaliyokwisha kupitishwa kwenye mawe mengine nayo ni mtego, kwa sababu jiwe la kwanza hunyang'anya asidi na la mwisho hupokea mafuta yaliyofilisika. Kuloweka nako kuna adabu yake. Jiwe lililojazwa mafuta linakaa kwenye oveni yenye moto majuma kadhaa ili mshiko ukomae. Ukikatisha kwa sababu msimamizi anataka matokeo, umepima jiwe bichi.

Lakini mtego ninaoutilia mashaka kuliko yote ni salfeti iliyobaki ndani ya jiwe. Kisima kilichochorongwa kwa tope la maji ya bahari huacha salfeti kwenye sampuli, na salfeti hiyo inaulinda ukuta usishikwe na mafuta wakati wa kuloweka. Kuipima ni kazi ndogo. Pitisha maji yaliyokenekwa kwenye jiwe, kinga yanayotoka, weka kiasi cha kijiko kimoja kwenye neli safi ya kioo. Tia matone mawili ya asidi haidrokloriki, tikisa, subiri mapovu yaishe. Ndipo utie matone ya bariamu kloraidi na kuishika neli mbele ya karatasi nyeusi. Ukungu mweupe ukitokea na kugoma kuondoka, salfeti ipo. Endelea kuosha mpaka maji yabaki angavu. Usiruke ile asidi ya mwanzo. Maji yaliyopita kwenye chokaa yamebeba kaboneti, na bariamu kaboneti nayo ni nyeupe vile vile. Utaosha jiwe wiki nzima ukikimbiza kitu ambacho si salfeti. Bariamu ni sumu, kwa hiyo glavu ziwepo, na maji hayo yasimwagwe kwenye sinki.

*Maji yana chumvi kidogo, lakini hayana salfeti.* Hili ndilo lililompata mpwa wangu. Alikuwa amesoma, na amesoma sawasawa, kwamba watafiti wa Saudi Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudi Arabia, walizimua maji ya Ghuba hatua kwa hatua na kupata mafuta ya ziada. Ni kweli. Kazi yao iliyochapishwa mwaka 2010 na 2011 ilianza na maji ya Ghuba yenye chumvi karibu miligramu 57,700 kwa lita, wakayazimua mara mbili, mara kumi, mara ishirini, mara mia, kwenye nyuzi 100. Mafuta ya ziada yalifika takriban asilimia 18 ya yaliyokuwemo kwenye jiwe, na sehemu kubwa ilitoka kwenye hatua za mwanzo. Ile ya mara mia haikuongeza kitu cha maana.

Kule Stavanger, hata hivyo, walipozimua maji ya bahari na kuyaweka kwenye chaki, mafuta yalipungua badala ya kuongezeka. Wa wapi wanasema kweli? Wote. Tofauti iko kwenye jiwe. Mawe mengi ya chokaa ya Ghuba yana anhidraiti ndani yake, ndugu wa jasi asiye na maji. Chumvi ikipungua, hasa kalsiamu, anhidraiti huyeyuka na kumwaga salfeti pale pale inapohitajika. Chaki safi haina akiba hiyo, kwa hiyo ukiizimua bahari unazimua na dawa.

Jaribio la bariamu linakujibu hili pia. Jiwe lisilowahi kugusa maji ya bahari, likitoa salfeti kila unapoliosha kwa maji yaliyokenekwa na lisiishiwe, lina anhidraiti. Maji mepesi yana nafasi ya kufanya kazi. Likitoa angavu tangu mwanzo, usizimue. Ongeza salfeti. Kwa sababu hiyo hiyo maji ya Ziwa Tanganyika, kwa wepesi wake wote, yasingefaa kwa chaki isiyo na anhidraiti. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na watu wanaolitazama ziwa na kuona utajiri, na jibu langu halijabadilika.

*Joto halitoshi.* Salfeti hushika vizuri zaidi kwenye ukuta wa kalsaiti kadiri joto linavyopanda, na magnesiamu haigusi ukuta mpaka kuwe na moto wa kweli. Kwenye chaki, nyuzi 40 ni kama hakuna kinachoendelea. Kuanzia 70 unaanza kuona mabadiliko, na kati ya 100 na 130 ndipo penye nguvu. Ukipita 100 lazima uweke presha upande wa kutokea ili maji yasichemke ndani ya jiwe.

Kipimajoto cha oveni kinaweza kukudanganya. Chupa ya maji iko nje mezani, bomba ni fupi, na maji yanaingia kwenye jiwe yakiwa ya baridi huku oveni ikisoma 110. Zungusha mita kadhaa za bomba ndani ya oveni kabla ya jiwe. Huko kisimani ni vivyo hivyo kwa kipimo kikubwa: maji baridi yakisukumwa miaka mingi yanapoza eneo linalozunguka kisima cha kusukumia, na huko usitegemee mabadiliko makubwa mpaka maji yasafiri na kupata moto.

*Sodiamu na kloraidi zimejazana.* Hizi mbili hazifanyi kazi ya maana kwenye ukuta, lakini zinasongamana karibu nao na kuzizuia zenye kazi zisipite. Stavanger walitengeneza maji ya bahari yaliyoondolewa sodiamu kloraidi, salfeti na kalsiamu na magnesiamu zikaachwa kama zilivyo, na yakashinda maji ya bahari ya kawaida. Walipoongeza salfeti mara nne juu ya hapo, yakashinda tena. Maji ya aina ya Uvinza yangekuwa kinyume kabisa cha mapishi hayo. Kwa hiyo "punguza chumvi" ni agizo sahihi likiwa na nusu yake ya pili: punguza ile isiyo na kazi, bakiza yenye kazi.

Dalili: mafuta yameongezeka, lakini kuna kitu hakikai sawa

Furaha ya mapema imezika majaribio mengi. Swali la kwanza ninalouliza ni je, siku uliyobadilisha maji ulibadilisha na kasi ya pampu? Mwamba unaopenda mafuta huyang'ang'ania mwishoni kabisa mwa sampuli, pale jiwe linapoishia na bomba kuanza. Ukiongeza kasi, mafuta hayo yanasukumwa nje, nawe unayaandika kwenye hesabu ya kemia. Utaratibu wa kuaminika unachosha lakini hauna njia ya mkato: sukuma maji ya asili ya tabaka mpaka mafuta yakome, na yasitoke tena hata ukipitisha maji ya kuvijaza vitundu vyote vya jiwe mara kadhaa, ongeza kasi kwa maji yale yale mpaka yakome tena, rudisha kasi, ndipo ubadilishe maji. Kinachotoka baada ya hapo ndicho cha maji mapya.

La pili ni kuyahoji maji yanayotoka. Kama kemia imefanya kazi, itaacha alama. Salfeti itachelewa kutokea kwa sababu nyingine imebaki ukutani. Kalsiamu itabadilika. Kwenye joto kubwa magnesiamu itapungua na kalsiamu kuzidi, maana zimebadilishana nafasi. Ukiona mafuta yameongezeka na maji yanatoka na ioni zile zile zilizoingia, saa ile ile, tilia shaka pampu kabla ya kusifia salfeti.

Stavanger wana kipimo kizuri cha kuchelewa huku. Wanasukuma salfeti pamoja na thiosayaneti, ioni isiyoshikana na kalsaiti. Thiosayaneti inapita moja kwa moja. Salfeti inachelewa kwa kadiri ya eneo la ukuta linalogusana na maji. Ukichora mikunjo miwili kwenye karatasi moja, nafasi iliyo kati yake ndiyo eneo lenye kupenda maji. Fanya kabla na baada. Nafasi ikipanuka, ukuta umebadilika kweli.

Hata hayo yakikaa sawa, jiwe la urefu wa kidole si kisima. Aramco walilipeleka wazo lao kisimani kwa vifuatilizi vya kemikali kwenye kisima kimoja kimoja: wanasukuma, wanasubiri, wanarudisha, wanahesabu mafuta yaliyobaki karibu na kisima. Mafuta hayo yalishuka kwa takriban sehemu saba kwa mia ya ujazo wa vitundu. Ni kidogo kuliko picha ya maabara, na kwa mtazamo wangu ndiyo namba ya kutangulizwa mbele ya wenye fedha.

Dalili: presha ya kusukumia inapanda

Kuna kitu kinaziba. Chuja maji kwanza, kisha uangalie chujio. Mchanga na kutu ni vyanzo vya kawaida kuliko kemia yoyote. Oksijeni isipoondolewa kwenye maji, bomba la chuma linajila lenyewe na kutu inaishia kwenye mwamba.

Chujio likiwa safi, fikiria magamba ya madini yanayoganda maji mawili yanapokutana. Bariamu salfeti ndiyo mbaya kuliko yote: lita moja ya maji safi haiyeyushi hata miligramu tatu zake, na ikishaganda asidi ya kawaida haiigusi. Maji ya tabaka yakiwa na bariamu au strontiamu, na wewe unaleta maji ya bahari, magamba hayaepukiki yanapokutana, mara nyingi kwenye kisima cha kutolea. Pima bariamu ya maji ya tabaka kabla ya kupanga chochote.

Anhidraiti nayo ina tabia ya ajabu kidogo. Inayeyuka vibaya zaidi kadiri joto linavyopanda. Kwa hiyo yule aliyesikia "ongeza salfeti, ongeza joto" akaongeza vyote bila kupunguza kalsiamu, ataigandisha ndani ya jiwe na kushangaa presha imetoka wapi. Kwenye nyuzi 130 salfeti iongezwe kwa kipimo, na kalsiamu ya maji ya kusukuma ipunguzwe.

Maji yenye bikaboneti nyingi kama ya ziwa letu yana tatizo jingine: yakipashwa moto na kukutana na kalsiamu nyingi ya tabaka, yanaangusha kaboneti, kama birika linavyoota ukoko mweupe. Hiyo angalau asidi inaiyeyusha.

Panapochanganya ni hapa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, majukwaa ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini yamekuwa yakitumia chujio la utando linaloondoa salfeti kwenye maji ya bahari ili kuepuka magamba. Kwa miamba ya mchanga ni busara tupu. Kwa chokaa ni kutoa dawa na kubakiza chupa. Mhandisi wa mabomba anataka salfeti sifuri, mhandisi wa tabaka anaitaka nyingi, na kila mmoja ana hoja. Wakae meza moja na karatasi yenye kipimo cha bariamu ya tabaka iwe mbele yao: bariamu ikiwa ndogo, mtu wa tabaka apewe salfeti yake pamoja na dawa ya kuzuia magamba, ikiwa kubwa, wasitafute ujanja.

Presha ikishuka badala ya kupanda, kwa kawaida maji yako yanakula mwamba. Maji mepesi yasiyo na kalsiamu huyeyusha kalsaiti mpaka yashibe, na kwenye sampuli fupi yanaweza kuchimba njia.

Dalili: maji yanatokea upande wa pili mapema mno

Nyufa. Chokaa nyingi zina nyufa, na maji hufuata ufa. Usikimbilie kuziba. Ekofisk, shamba la mafuta la Norwe kwenye chaki, limejaa nyufa na bado maji yalifanya kazi, kwa sababu yalipita kwenye ufa na kunyonywa na chaki kutoka pande zote. Lakini kunyonya kunahitaji mwamba unaopenda maji, kwa hiyo kwenye tabaka lenye nyufa kemia ya maji ina uzito mkubwa zaidi. Punguza kasi, upe mwamba muda. Ekofisk iligunduliwa mwaka 1969, ikaanza kusukumiwa maji ya bahari kwa kiwango kikubwa mwaka 1987 kwenye tabaka lenye nyuzi 130 hivi, na matarajio ya mafuta yatakayopatikana yamepanda kutoka chini ya asilimia 20 hadi karibu nusu ya yaliyomo. Hakuna aliyeyachagua maji hayo kwa ajili ya salfeti yake. Yalikuwa maji yaliyokuwa karibu.

Dalili: harufu ya mayai viza

Kuna bakteria wanaoila salfeti na kutoa haidrojeni salfaidi, na maeneo yaliyopozwa karibu na kisima cha kusukumia ndiyo makazi yao. Naitreti huongezwa kwenye maji ili bakteria wengine wawashinde kwa chakula. Harufu ikikatika ghafla usishukuru: gesi hii ikizidi huua pua kabla ya kuua mtu. Toka, kisha upime kwa kifaa.

Dalili: sakafu inazama

Ni ya kisimani tu, na ya chaki hasa. Ekofisk sakafu ya bahari ilishuka kwa mita kadhaa mpaka majukwaa yakanyanyuliwa mita 6 mwaka 1987. Chanzo cha awali kilikuwa kutoa mafuta na gesi presha ikashuka. Maji yalipoingia presha ilirudi, lakini kushuka hakukukoma mara moja, kwa kuwa maji ya bahari yenyewe hulainisha chaki. Magnesiamu na salfeti zile zile zinazong'oa mafuta zina mkono humo. Anayepanga maji kwa ajili ya chaki laini apime na nguvu ya jiwe, si mafuta peke yake.

Dalili: onyesho la darasani limegoma

Walimu wa kemia huniuliza hili. Mwalimu amechukua chaki ya ubaoni, ameiloweka kwenye mawese ya zamani, wanafunzi wamekaa mkao wa kula, na hakuna kinachofanana na maelezo. Mwalimu wangu, dondoshea siki kwanza. Chaki nyingi za ubaoni ni jasi, yaani kalsiamu salfeti, haitoi povu. Umeloweka jiwe ambalo lenyewe ni salfeti. Okota magamba makavu ya konokono ufukweni. Hayo ni kaboneti na siki itakuonyesha. Tone la maji kwenye gamba safi linasambaa, kwenye gamba lililolowekwa mawese na kupanguswa linakaa duara. Usitegemee kulirudisha gamba lipende maji kwa salfeti kwenye joto la darasa. Sababu ni ile ya joto hapo juu.

Mwongozo huu usipohusika

Tangu bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lianze kujengwa, na karakana ya kuyavika mabomba ikawekwa Sojo, wilayani Nzega, ndugu zetu wa Tabora nao wanauliza: je, mafuta ya Uganda yatasukumwa kwa maji ya namna hii? Mradi wa Tilenga, wa huko Uganda, umepangiwa maji ya Ziwa Albert, na matabaka ya huko ni ya mchanga. Mchanga una ukuta hasi na udongo wa mfinyanzi. Huko maji mepesi yanaogopwa kwa kuvimbisha udongo au kuutembeza mpaka uzibe vitundu, na swali la kwanza ni aina ya udongo, si salfeti.

Kama hujui jiwe lako ni la upande gani, tone la asidi haidrokloriki iliyozimuliwa linatosha. Likichemka, rudi kwenye dalili ya kwanza. Lisipochemka, usilitupe bado upande wa mchanga: dolomaiti, mwamba wa kaboneti wenye kalsiamu na magnesiamu pamoja, ikiwa nzima huwa kimya kwa asidi baridi. Kwangua unga kidogo kwa kisu, udondoshee tena.